Petersburg, 1864 hadi 1865: Mji Uliozingirwa Huku Treni Zikiingia

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wa kidato cha tano wamenibana. Vitabu vinasema jeshi la Kaskazini liliuzingira mji wa Petersburg, jimbo la Virginia, kwa zaidi ya miezi tisa mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Vitabu hivyohivyo vinasema treni za chakula ziliendelea kuingia mjini karibu mpaka siku ya mwisho. Mji uliozingirwa unapokeaje treni? Na kama Jenerali Grant alikuwa na askari karibu mara mbili ya wale wa Lee, kwa nini hakuuvamia akamaliza kazi?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Petersburg haikuwahi kufungwa pande zote, na yeyote anayesoma habari zake akidhani kwamba maadui walikuwa wameuzunguka mji mzima atakwama kila ukurasa. Yaliyotokea baina ya Juni 1864 na Aprili 1865 yalikuwa mapambano marefu ya kugombea reli na barabara. Mahandaki ya upande wa mashariki, ambayo ndiyo yanayoonekana katika picha nyingi za wakati ule, yalikuwa na kazi ya kumshika Jenerali Robert E. Lee asiondoke, na wakati huohuo mapigano ya kuamua hatima ya mji yalikuwa yakipiganwa kusini na magharibi, njia moja baada ya nyingine.

Mji wenyewe uko ukingoni mwa mto Appomattox, kilomita 37 hivi kusini mwa Richmond, makao makuu ya Shirikisho, yaani serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Mwaka 1860 ulikuwa na wakazi wapatao 18,000, karibu nusu yao wakiwa watu weusi. Wengi wa hao walikuwa watumwa, na zaidi ya 3,000 walikuwa huru. Reli tano zilikutana hapo. Moja ilikwenda Richmond, na mbili, ya City Point na ya Norfolk, zilielekea mashariki na Shirikisho likazipoteza mapema. Zilizobaki mbili ndizo zilizogombewa: reli ya Weldon, iliyoshuka kusini hadi North Carolina na kuunganika na bandari ya Wilmington, na reli ya South Side, iliyokwenda magharibi hadi Lynchburg. Sehemu kubwa ya chakula cha jeshi la Lee na cha watu wa Richmond ilipita humo. Petersburg ikianguka, Richmond ilikuwa haikaliki tena.

Sasa nianze na swali lako la pili, kwa sababu dhana iliyomo ndani yake si sahihi. Grant aliuvamia mji, tena kwa siku nne mfululizo. Katika Mei na mwanzoni mwa Juni 1864 alikuwa amepigana na Lee kuanzia msitu wa Wilderness, kupitia Spotsylvania, hadi Cold Harbor, na alikuwa amepoteza watu wapatao 55,000, kwa kuhesabu waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Baada ya shambulio baya la Cold Harbor la tarehe 3 Juni, aliliondoa jeshi lake kimyakimya na kulivusha mto James, ambapo wahandisi walitandaza daraja la maboya lenye urefu wa zaidi ya mita 600 kwa muda wa saa chache tu. Kwa siku kadhaa Lee hakuwa na uhakika adui yake yuko wapi. Naona huo ndio ujanja mkubwa kuliko wote ambao Grant aliufanya mbele ya Lee, na uchungu wake ni kwamba matunda yake yalimponyoka pale mlangoni.

Tarehe 15 Juni, Jenerali William F. Smith alifika mbele ya ngome za Petersburg akiwa na zaidi ya askari 10,000. Ngome hizo, zilizojengwa mwaka 1862 na 1863 kwa nguvu za watumwa na za watu weusi huru waliolazimishwa, zilienea kilomita 16 kuuzunguka mji, lakini ndani yake Jenerali Beauregard wa Shirikisho alikuwa na watu wapatao 2,200 tu. Smith aliposhambulia jioni, alivunja zaidi ya kilomita mbili za ngome hizo. Miongoni mwa waliozitwaa walikuwa askari weusi wa divisheni ya Edward Hinks, ambao waliteka mizinga kadhaa na kuigeuza iwaelekee wenyewe. Kisha giza likaingia. Smith alisikia kwamba Lee anakaribia, akaona askari wake wamechoka, akasimama. Usiku ule hapakuwa na jeshi la maana baina yake na mji.

Siku tatu zilizofuata zilimgharimu Grant fursa hiyo na watu wengi. Beauregard alirudi nyuma hatua kwa hatua, akachimba mstari mpya karibu zaidi na mji, na askari wa Lee walianza kumiminika. Tarehe 18 Juni kikosi kimoja kutoka Maine, chenye watu wapatao 900 waliozoea kulinda mizinga mizito huko Washington, kiliamriwa kukimbia uwandani kuyaelekea mahandaki hayo mapya. Ndani ya dakika chache watu 632 walikuwa wameanguka. Askari wakongwe walioshuhudia mambo kama hayo tangu Mei hawakuwa tayari tena kuamka na kukimbilia ukuta wa udongo wenye bunduki nyuma yake, na katika sehemu nyingine za mstari walikataa waziwazi kusonga mbele. Kwa siku hizo nne jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, lilipoteza zaidi ya watu 10,000. Hapo Grant alitoa amri ya kuchimba mahandaki, na ndipo mazingiwa yalipoanza.

Lee alikuwa amekwisha kuyaona mapema. Kabla ya Grant kuvuka, alimwambia Jenerali Jubal Early kwamba jeshi hilo lazima liangamizwe kabla ya kuufikia mto James, kwani likiufikia, vita vitakuwa vya kuzingirwa, na kilichobaki kitakuwa ni suala la muda tu. Ukitaka kuuelewa mwenendo wake wote wa miezi iliyofuata, kumbuka kwamba aliyekuwa akiulinda mji alikuwa haamini kwamba utalindika.

Kuhusu maisha ya mahandakini nitasema machache. Kulikuwa na joto na vumbi la kiangazi, matope na baridi ya Desemba, walenga shabaha waliomuua yeyote aliyeinua kichwa, na makombora yaliyorushwa juu ili yaangukie ndani ya shimo. Watu wa mjini walianza kupigwa makombora tangu Juni. Wengine walichimba mapango uani, wengine walihamia magharibi mwa mji, ambako mizinga haikuwafikia kwa urahisi.

Tukio ambalo wanafunzi wako bila shaka wamelisikia ni lile la Shimo, la tarehe 30 Julai 1864, na linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu lilikuwa jaribio la pekee la kuukatisha mkwamo huo kwa pigo moja. Mbele ya kikosi cha 48 cha Pennsylvania, umbali wa chini ya mita 150, kulikuwa na ngome ya Shirikisho. Wengi wa kikosi hicho walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe, na kamanda wao, Luteni Kanali Henry Pleasants, alikuwa mhandisi wa migodi. Alipendekeza wachimbe njia ya chini kwa chini na kuilipua ngome hiyo. Wahandisi wa jeshi hawakuamini kwamba njia ndefu kiasi hicho inaweza kupata hewa, na hawakumpa vifaa. Watu wake waliutoa udongo kwa masanduku ya biskuti ngumu waliyoyafungia vishikio vya miti, wakauficha chini ya matawi ili maadui wasiuone, na Pleasants akapima umbali kwa kipimio cha zamani alichoazimiwa kutoka Washington.

Suala la hewa alilitatua kwa njia ambayo wachimbaji waliijua nyumbani. Nyuma kidogo ya mstari wa Muungano alitoboa bomba la wima kutoka njiani mpaka juu, akawasha moto chini yake usiozimwa mchana wala usiku. Hewa iliyopashwa moto ilipanda na kuivuta hewa chafu kutoka ndani, huku hewa safi ikiingia kupitia mfereji wa mbao uliotambaa chini ya mlango uliozibwa kwa turubai, ukaenda moja kwa moja hadi walipokuwa wakichimba. Njia ilifika mita 156 hivi. Mwisho wake walichimba matawi mawili kushoto na kulia, wakajaza kilo 3,600 hivi za baruti. Utambi waliopewa haukuwa mzima, ukabidi uungwe vipande vipande. Uliwashwa saa 9:15 usiku, na muda wa kulipuka ukapita kimya. Sajenti Harry Reese na Luteni Jacob Douty wakaingia ndani ya njia hiyo, wakakuta moto umezimika kwenye kiungo, wakauunga upya, wakauwasha na kutoka mbio. Saa 10:44 alfajiri ardhi ilipasuka. Askari 278 wa Shirikisho waliuawa kwa mlipuko huo, na shimo lililobaki lilikuwa na urefu wa mita 50 hivi na kina cha mita 9.

Kushindwa kulikuwa kumepangwa tangu siku iliyotangulia. Jenerali Ambrose Burnside alikuwa ameiandaa divisheni ya askari weusi iongoze shambulio, nao walikuwa wamefanya mazoezi maalumu. Jenerali Meade, mkubwa wake, akiungwa mkono na Grant, aliwaondoa mbele. Hofu yake ilikuwa kwamba shambulio likishindwa, itasemekana jeshi liliwasukuma watu weusi wakafe kwa kuwa halikuwajali. Burnside hakuchagua mwingine kwa kupima uwezo, alipiga kura, nayo ikamwangukia Jenerali James Ledlie, ambaye wakati watu wake wakienda vitani alikuwa nyuma kwenye handaki la kujikinga akinywa ramu. Askari wake, ambao hawakuwa wamefundishwa, walishuka ndani ya shimo badala ya kusonga mbele kulipita, wakabanana hapo. Askari weusi walipelekwa baadaye, pale ambapo hakukuwa na la kuokoa tena. Jenerali Mahone wa Shirikisho alipojibu shambulio, wengi wao waliuawa wakiwa wamejeruhiwa au wamekwisha kujisalimisha. Hayo yameshuhudiwa na watu wa pande zote mbili, na nakuomba yasiachwe nje ya somo kwa kisingizio chochote. Muungano ulipoteza watu wapatao 3,800 asubuhi ile. Burnside aliondolewa na hakupewa tena jeshi.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyetarajia kupita mashariki kwa nguvu, na sasa nalifikia swali lako la treni. Grant alijua tangu mwanzo kwamba reli ndizo zinazouweka mji hai. Tarehe 22 Juni alikuwa amewatuma wapanda farasi wa Wilson na Kautz wakaharibu reli ya South Side na ile ya Danville iliyotoka Richmond, nao waling'oa kilomita 100 hivi za njia kabla ya kupigwa na kurudi wakiwa wamepoteza mizinga yao yote. Hasara hiyo yote ilizaa nini? Baada ya wiki kadhaa mafundi wa Shirikisho walikuwa wamezitengeneza njia, na treni zikapita. Reli inayong'olewa na watu wanaopita hutengenezwa. Ili ikatike kweli, lazima watu wakae juu yake na wakatae kuondolewa.

Ndivyo alivyofanya Jenerali Gouverneur Warren alipoifikia reli ya Weldon penye Globe Tavern tarehe 18 Agosti. Lee alimshambulia kwa siku nne, na Warren alipoteza watu wengi kuliko adui, lakini alichimba hapohapo na hakuondoka. Tangu siku hiyo treni za kutoka kusini zililazimika kuishia stesheni ya Stony Creek, na mizigo yake kupakuliwa na kupandishwa kwenye magari ya kukokotwa na nyumbu, ambayo yalizunguka safari ya kilomita 30 na zaidi kupitia Dinwiddie na barabara ya Boydton. Jaribu kuifikiria safari hiyo mwezi wa Januari, barabara ikiwa matope na wanyama wakiwa hawana nafaka. Reli ya South Side ndiyo iliyobaki wazi, na treni ambazo wanafunzi wako wamezisoma zilikuwa hasa zake.

Kila baada ya wiki chache Grant alisukuma tena kuelekea magharibi: mwisho wa Septemba penye shamba la Peebles, Oktoba kwenye barabara ya Boydton, Februari 1865 kwenye kijito cha Hatcher's Run. Ukizipima pigano moja moja, nyingi zilikuwa hasara au sare, na magazeti ya Kaskazini yaliziandika hivyo. Lakini kila moja ilimlazimu Lee arefushe mstari wake, na mstari huo, uliokuwa umeanzia mashariki ya Richmond, mwishoni ulipita kilomita 50. Mara nyingine Grant alipiga kaskazini ya mto James kwanza, ili Lee awavushe watu wake, kisha akapiga kusini. Katika pigo moja la namna hiyo, tarehe 29 Septemba huko New Market Heights, askari weusi walipanda mteremko uliozibwa kwa miti iliyokatwa, chini ya risasi, na 14 kati yao walipewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kabisa Marekani. Kufikia Desemba askari weusi wa eneo hilo walikuwa wamekusanywa katika kikosi kikuu kimoja, cha 25.

Nyuma ya mahandaki ya Grant kulikuwa na City Point, kijiji kwenye makutano ya mito ya James na Appomattox kilichogeuka ndani ya wiki chache kuwa bandari kubwa. Palikuwa na viwanda vya mikate vilivyoweza kutoa posho 100,000 kwa siku, hospitali iliyoweza kulaza wagonjwa hadi 10,000, na reli ya kijeshi iliyorefushwa nyuma ya mstari kila mstari uliporefuka, mpaka ikapita kilomita 30. Jasusi wa Shirikisho, John Maxwell, aliilipua mashua ya risasi gatini tarehe 9 Agosti, watu wasiopungua 43 wakafa, na kazi ya bandari ikarejea bila kuchelewa. Upande wa pili, baada ya Fort Fisher kuanguka tarehe 15 Januari 1865, bandari ya Wilmington ilifungwa, na Februari Lee aliiandikia wizara ya vita kwamba baadhi ya watu wake walikuwa wamekaa vitani siku tatu kwenye baridi bila nyama. Walitoroka usiku mamia kwa mamia. Wengi wao walikuwa wamepata barua za wake zao, ambao walikuwa na njaa au walikuwa wamepitiwa na jeshi la Jenerali Sherman wa Muungano. Naamini barua hizo zililimaliza jeshi la Lee kuliko mizinga.

Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kukaa. Lee hakuweza kuondoka bila kuitupa Richmond pamoja na viwanda vyake vya chuma vya Tredegar, na farasi wake walikuwa dhaifu mno kuyakokota magari kwenye matope ya majira ya baridi. Grant hakuhitaji kuharakisha. Mwaka 1863 Lee aliweza kumtuma jenerali wake Longstreet kwa treni akashinde Chickamauga, jimbo la Georgia. Mwaka 1864, akiwa amebanwa Petersburg, hakuweza kutuma jeshi kumzuia Sherman, aliyeitwaa Atlanta tarehe 2 Septemba na kwa ushindi huo akamsaidia Lincoln kuchaguliwa tena Novemba. Alichoweza kufanya ni kumwachia Early atishe Washington mwezi wa Julai, naye Jenerali Sheridan wa Muungano akamvunja katika bonde la Shenandoah Septemba na Oktoba.

Grant aliandika baadaye kwamba katika Machi 1865 alikuwa akiamka kila asubuhi na hofu ya kusikia kwamba Lee ameondoka usiku kwenda kuungana na Jenerali Joseph Johnston huko North Carolina. Lee alijaribu kujifungulia njia hiyo tarehe 25 Machi kwa kuishambulia Fort Stedman, ngome ya Muungano, akapoteza watu wapatao 4,000. Tarehe 1 Aprili Sheridan na Warren waliivunja ngome ya mwisho ya magharibi penye Five Forks, wakati kamanda wake, George Pickett, alikuwa nyuma akila samaki wa kuchoma na maafisa wenzake. Alfajiri iliyofuata Grant alishambulia mstari wote, na kikosi kikuu cha 6 kilipita mahali ambapo miezi tisa iliyotangulia kisingepita kamwe, kwa kuwa watu wa kuyajaza mahandaki hawakuwapo tena. Siku hiyohiyo ya tarehe 2 Aprili reli ya South Side ilikatwa penye stesheni ya Sutherland. Rais Jefferson Davis alipata taarifa ya Lee akiwa kanisani Richmond, akainuka akatoka. Usiku ule jeshi liliiacha miji yote miwili, na asubuhi ya tarehe 3 Aprili askari weusi wa kikosi kikuu cha 25 walikuwa miongoni mwa walioingia Richmond.

Lee alikimbilia magharibi akitarajia kukuta chakula Amelia Court House, hakukikuta, na siku nzima aliyoipoteza hapo kutafuta chakula mashambani ilimwezesha Sheridan kumtangulia na kuiziba njia ya kusini. Alijisalimisha Appomattox Court House tarehe 9 Aprili. Johnston, ambaye Lee hakuweza kumfikia, alijisalimisha kwa Sherman tarehe 26 Aprili.